Rangi ya Waya na Kazi ya Waya: Ufungaji wa Redio ya Gari kama Usomaji wa Ishara katika Muktadha wa Kitangari, Newala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mmiliki wa gari anavyoweza kuondoa redio iliyokuja na gari lake na kufunga nyingine yeye mwenyewe, katika muktadha wa Kitangari, wilayani Newala. Hoja kuu ni kwamba makosa makubwa katika kazi hii hutokana na kudhani kuwa rangi ya waya ndiyo maana ya waya. Kwa kuongozwa na mihimili ya Nadharia ya Semiotiki, makala yanaonesha kuwa rangi ni ishara nasibu inayotegemea makubaliano ya watengenezaji, ilhali usomaji wa mita ni kielekezi kinachosababishwa na umeme wenyewe. Mwisho, inapendekezwa kwamba mwongozo wa Kiswahili wa kazi hii upangwe kwa kufuata kazi ya waya, na rangi itajwe baadaye kama dokezo tu.

1.0 Utangulizi

Kitangari ni mji mdogo katika Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara, kwenye barabara inayotoka Newala kuelekea Mtama. Uchumi wa eneo hili, kama ulivyo wa Tandahimba na Masasi, hutegemea sana zao la korosho. Msimu wa mauzo unapofika, kwa kawaida kuanzia mwezi Oktoba, magari madogo ya mizigo na ya abiria huwa na kazi nyingi. Dereva aliye njiani hutegemea redio kupata habari, taarifa za hali ya hewa na bei zilizofikiwa katika minada ya korosho. Kwa hiyo, redio ya gari katika mazingira haya ni zaidi ya chombo cha burudani.

Magari mengi madogo yanayotumika Tanzania huingizwa nchini yakiwa yamekwishatumika Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya msikilizaji wa Japani, na maandishi ya kiooni huwa mara nyingi ya Kijapani. Mmiliki hulazimika kuamua ama kuvumilia, ama kumlipa fundi, ama kubadilisha redio mwenyewe. Njia ya tatu inawezekana kwa mtu mwenye subira na vifaa vichache. Hata hivyo, ina hatari zake: waya uliounganishwa vibaya unaweza kuunguza redio mpya, kumaliza chaji ya betri usiku mmoja, au kuanzisha moto nyuma ya dashibodi. Kwa mtu ambaye gari ndilo linalompatia riziki, hasara hiyo si ndogo.

Makala haya yanafafanua kwanza sababu ya redio kubadilishwa, kisha msingi wa nadharia, nyaya na rangi zake, hatua za ufungaji, na mwisho nafasi ya Kiswahili katika kuzieleza.

2.0 Sababu ya Kubadilisha Redio: Suala la Masafa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utangazaji wa redio Tanzania Bara ulikuwa mikononi mwa dola, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika hasa kwa mawimbi ya kati na mafupi. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Tangu hapo, FM imekuwa njia kuu ya utangazaji, na hapo ndipo tatizo la redio za Kijapani lilipojitokeza.

Nchini Tanzania, FM hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Nchini Japani, kwa miongo mingi, FM ilitumia megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa masafa ya 90 hadi 108 yalitengwa kwa ajili ya chaneli za televisheni ya analojia. Baada ya televisheni hiyo kuzimwa katika maeneo mengi ya Japani mwaka 2011, masafa ya hadi megahezi 95 yalianza kutumika kwa redio kuanzia mwaka 2014. Hivyo, redio ya Kijapani iliyotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo, ikiwa Tanzania, hupata sehemu finyu tu iliyo kati ya 87.5 na 90. Kwa mfano, jijini Dar es Salaam redio hiyo hupata Wasafi FM katika 88.9 lakini haiwezi kupata EFM katika 93.7.

Suluhisho la bei nafuu ni kifaa kidogo cha kushusha masafa, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kifaa kinachoshusha kwa megahezi 16 huifanya stesheni ya 93.7 isikike katika 77.7. Hata hivyo, hesabu yenyewe huonesha upungufu wa njia hii. Upana wa FM ya Tanzania ni megahezi 20.5, na upana wa redio ya zamani ya Kijapani ni megahezi 14. Kipana hakiwezi kuingia chote katika chembamba. Kwa mshuko wa 16, redio husikia kuanzia 92 hadi 106 tu. Stesheni zilizo chini ya 92 na zilizo juu ya 106 hupotea, isipokuwa kama kifaa kina njia ya kupitisha masafa ya awali. Anayetaka FM yote hana budi kubadilisha redio nzima.

3.0 Msingi wa Nadharia

Makala haya yanaongozwa na Nadharia ya Semiotiki, ambayo msingi wake unahusishwa na Ferdinand de Saussure na Charles Sanders Peirce. Saussure alieleza kuwa ishara ina pande mbili, yaani kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano baina ya pande hizo ni wa nasibu: umejengwa na makubaliano ya jamii, na haumo katika maumbile ya kitu. Peirce naye aliainisha ishara katika makundi matatu. Ikoni hufanana na kile inachokiwakilisha, kama picha. Kielekezi husababishwa na kile kinachowakilishwa, kama moshi unavyosababishwa na moto. Simbo hutegemea makubaliano tu, kama maneno ya lugha.

Mihimili miwili ya nadharia hii inahusika hapa. Mosi, maana ya simbo hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Pili, kielekezi hakihitaji makubaliano ili kiwe na maana. Moshi ni dalili ya moto Kitangari na ni dalili ya moto Osaka.

4.0 Nyaya za Redio na Rangi Zake

Nyaya za redio ya gari zinaweza kugawanywa katika makundi manne kwa kuzingatia kazi zake. Kundi la kwanza ni nyaya za nguvu, ambazo ni mbili. Waya wa betri huwa na umeme wakati wote na hutunza saa na stesheni zilizohifadhiwa. Waya wa ufunguo hupata umeme pale tu ufunguo wa gari unapozungushwa, na ndio unaoiamuru redio iwake au izime. Kundi la pili ni waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Kundi la tatu ni nyaya nane za spika, yaani jozi nne, kila jozi ikiwa na chanya na hasi yake. Kundi la nne ni nyaya saidizi, ukiwemo waya wa taa za dashibodi na waya wa kupeleka umeme kwenye antena.

Redio zinazouzwa madukani kwa kawaida hufuata utaratibu mmoja wa rangi. Magari ya Toyota nayo yana utaratibu wake. Jedwali Na. 1 linalinganisha utaratibu huo na ule unaopatikana katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000.

Jedwali Na. 1: Rangi moja, kazi mbili

| Rangi | Kazi upande wa redio ya dukani | Kazi upande wa gari (Toyota nyingi) |
|---|---|---|
| Njano | Betri, umeme wa kudumu | Spika ya nyuma kushoto, hasi |
| Nyekundu | Umeme wa ufunguo | Spika ya nyuma kulia, chanya |
| Nyeusi | Ethi | Spika ya nyuma kushoto, chanya |
| Bluu | Umeme wa antena | Spika ya mbele kulia, hasi |
| Nyeupe | Spika ya mbele kushoto, chanya | Spika ya nyuma kulia, hasi |
| Kijivu | Spika ya mbele kulia, chanya | Umeme wa ufunguo |
| Kijani | Spika ya nyuma kushoto, chanya | Taa za dashibodi |
| Zambarau | Spika ya nyuma kulia, chanya | Spika ya mbele kushoto, hasi |

Jedwali hili linabainisha jambo moja wazi. Rangi zote nane zinapatikana pande zote mbili, lakini hakuna hata moja yenye kazi ileile katika pande hizo. Katika Toyota hizo, umeme wa kudumu hupita kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, na ethi ni waya wa kahawia. Mtu atakayeunganisha njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi atakuwa ameunganisha nyaya zote za nguvu za redio kwenye spika za nyuma, na redio haitawaka. Akiunganisha kijivu kwa kijivu, atakuwa amepeleka volti 12 moja kwa moja kwenye njia ya sauti ya redio, na hapo redio inaweza kuungua mara tu ufunguo utakapozungushwa.

Kwa mtazamo wa Saussure, hali hii haishangazi. Utaratibu wa rangi wa redio na ule wa gari ni kama lugha mbili zinazotumia sauti zilezile kwa maana tofauti. Aidha, kampuni nyingine za magari zina taratibu zao, na gari lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa huenda lina nyaya zilizoungwa kwa rangi yoyote iliyopatikana siku hiyo.

5.0 Hatua za Ufungaji

5.1 Maandalizi

Jambo la kwanza ni kuhakiki volti za gari. Magari madogo hutumia volti 12. Malori na mabasi mengi ya Kijapani, kwa mfano Mitsubishi Fuso, hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Redio ya volti 12 haifai kufungwa humo bila kifaa cha kupunguza volti.

Jambo la pili ni ukubwa. Redio ndogo ina uso wa takribani milimita 180 kwa 50, na kubwa milimita 180 kwa 100. Nafasi ya redio katika Toyota nyingi ina upana wa milimita 200. Hivyo redio ya upana wa 180 huacha pengo la milimita 10 kila upande, ambalo huzibwa kwa vipande vya plastiki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi, spana namba 10, koleo, mita ya umeme na tepu ya umeme. Kabla ya kufungua dashibodi, ufunguo hutolewa na kichwa cha hasi cha betri hufunguliwa. Hasi hutangulia kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa nayo. Spana ikigusa bodi wakati wa kufungua hasi, hakuna kinachotokea. Ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya huku hasi ikiwa bado imefungwa, hupiga shoti.

Fremu ya plastiki inayozunguka redio hushikiliwa na vibanio, na wakati mwingine skrubu. Huvutwa taratibu, hasa katika magari ya zamani ambayo plastiki yake imekaushwa na jua. Redio hufunguliwa skrubu, huvutwa mbele, na plagi zake huchomolewa kwa kubonyeza kilimi cha plagi bila kuvuta nyaya.

5.2 Upimaji

Hapa ndipo kielekezi kinapochukua nafasi ya simbo. Plagi za gari zikiwa zimechomolewa na ncha zake hazigusani, betri hurejeshwa kwa muda na kila waya hupimwa. Ncha nyeusi ya mita huwekwa kwenye chuma kitupu cha bodi, na ncha nyekundu hugusa tundu la waya unaochunguzwa.

Waya unaoonesha takribani volti 12 ufunguo ukiwa umetolewa ni waya wa betri. Unaoonesha sifuri ufunguo ukiwa umetolewa, na volti 12 ufunguo unapozungushwa hatua ya kwanza, ni waya wa ufunguo. Unaopata volti pale tu taa za gari zinapowashwa ni waya wa taa za dashibodi. Baada ya hapo betri hufunguliwa tena ili kupima ukinzani. Waya wenye ukinzani unaokaribia sifuri dhidi ya bodi ni ethi. Nyaya mbili zenye ukinzani wa takribani omu 3 hadi 4 baina yake ni jozi ya spika moja.

Ili kujua spika ipi ni ya jozi ipi, betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 huguswa kwa nukta moja kwenye jozi. Spika husikika ikitoa mlio mfupi. Utando wake ukisogea kwenda nje, waya ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Kila waya uliotambuliwa huwekewa kipande cha karatasi chenye jina la kazi yake.

Zipo plagi ambazo hazipimwi kamwe. Katika magari mengi, plagi za mfumo wa mifuko ya hewa huwa za njano, na kuzipitishia umeme wa mita kunaweza kufyatua mfuko. Rangi ya njano, ambayo upande wa redio humaanisha betri, hapa humaanisha hatari. Huu ni ushahidi mwingine kwamba rangi haina maana nje ya mfumo wake.

5.3 Uunganishaji

Ikipatikana plagi ya kati inayoingia kwenye plagi za gari bila kuzikata, hiyo ndiyo njia bora, kwa kuwa nyaya za asili hubaki salama. Isipopatikana, kila kiungo kisokotwe, kichomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa tepu ya umeme au mpira unaonywea kwa joto. Kiungo kilichosokotwa tu huweza kulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi, na waya uliolegea ukigusa chuma huweza kuanzisha moto.

Makosa matatu yanahitaji kutajwa. La kwanza ni kuunganisha waya wa betri na waya wa ufunguo wa redio pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio haizimwi na ufunguo, na betri huisha chaji. Redio inayotumia ampea 1 ikisahaulika usiku kucha kwa saa 12 huchota ampea-saa 12, yaani zaidi ya robo ya betri ya ampea-saa 45. Betri iliyozeeka haiwezi kuwasha injini baada ya hapo. Kosa la pili ni kinyume chake: nyaya zote mbili zikiunganishwa kwenye ufunguo, redio husahau stesheni kila gari linapozimwa.

Kosa la tatu ni kuunganisha hasi zote za spika kwenye bodi. Mafundi waliozoea redio za zamani hufanya hivyo kwa nia ya kuokoa waya. Katika redio za sasa, nyaya zote mbili za kila spika husukumwa na amplifaya na huwa na takribani nusu ya volti za betri. Kuipeleka hasi kwenye bodi ni kuipigia amplifaya shoti.

Waya wa antena nao usisahaulike. Mawimbi ya FM husafiri zaidi katika mstari ulionyooka, na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde huweza kuyakinga yasifike mabondeni. Gari lenye kikuza mawimbi kwenye antena yake, lisipopelekewa umeme huo, hupata stesheni kwa shida, na mmiliki huweza kuilaumu redio mpya bila sababu.

5.4 Majaribio

Redio hujaribiwa kabla ya skrubu kurudishwa. Ufunguo huzungushwa, redio huwashwa, na sauti hupelekwa mbele, nyuma, kushoto na kulia ili kuhakikisha kila spika iko mahali pake. Ikiwa sauti nzito ni hafifu ilhali spika zote zinalia, kuna jozi iliyogeuzwa chanya na hasi. Ufunguo ukitolewa, redio lazima izime. Ukirudishwa, stesheni lazima ziwepo. Nyaya hufungwa pamoja mbali na mhimili wa usukani, kisha fremu hurudishwa.

6.0 Kiswahili na Majina ya Rangi

Suala la rangi lina upande wa kiisimu pia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa majina ya vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda, manjano kutokana na bizari. Kwa lugha ya Peirce, majina haya yana chembe ya ikoni, kwa kuwa yanamwelekeza msikilizaji kwenye kitu chenye rangi hiyo.

Utaratibu huu hufaa katika mazungumzo ya kila siku, lakini chini ya dashibodi yenye giza na vumbi huleta utata. Kijivu na nyeupe iliyochakaa hukaribiana. Waya wa bluu na waya wa bluu wenye mstari mweupe ni nyaya mbili zenye kazi tofauti, na msemaji akiacha kutaja mstari, taarifa yote hupotea. Kwa upande mwingine, majina ya kazi, yaani waya wa betri, waya wa ufunguo, waya wa ethi na waya wa spika, hayana utata huo. Yanaeleweka kwa msemaji wa Kiswahili, na kila moja linabeba ndani yake kipimo cha kulithibitisha: waya wa ufunguo ni ule unaoutii ufunguo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa redio za Kijapani hubadilishwa Tanzania kwa sababu ya tofauti ya masafa, tofauti ambayo kifaa cha kushusha masafa hakiwezi kuiziba yote. Yameonesha pia kuwa kiini cha ufungaji salama ni kuhama kutoka simbo kwenda kielekezi, yaani kutoka rangi inayosema jambo kwa makubaliano ya kiwandani kwenda kipimo kinachosema jambo kwa sababu umeme upo au haupo.

Kutokana na ufafanuzi huo, inapendekezwa kwamba miongozo ya Kiswahili kwa wamiliki wa magari na kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi ianze na jina la kazi, ifuatiwe na kipimo, na imalizie na rangi. Kwa mpangilio huo, mmiliki wa Kitangari mwenye mita mkononi ataweza kulisoma gari lolote, liwe la Toyota au la kampuni nyingine, liwe na nyaya za asili au zilizokwishaungwa na fundi asiyejulikana.